Kikorea Kianzie Jikoni

Wako watu wazima, wenye elimu na nia njema, wanaoshikilia kwamba lugha ya kigeni ina mlango mmoja tu, nao ni darasa. Kwanza herufi, kisha sarufi, kisha msamiati wa kukariri, kisha mtihani. Chakula na desturi za wenye lugha huja mwisho kabisa, kwa aliyefaulu, kama zawadi. Nimeyasikia hayo Kigoma mjini, nimeyasikia kwenye gari la mchomoko la kutoka Mwandiga kupanda milimani Kalinzi, na nimeyasikia kwa walimu ninaowaheshimu. Binti wa kidato cha tatu huko Kalinzi akionekana anatazama mapishi ya Kikorea kwenye simu, akiyarudia maneno kwa sauti huku akikatakata kabichi, anaambiwa aache mchezo. Kama kweli anataka lugha, asubiri mwalimu na kitabu. Ushauri huo ni mbovu, na mkoa huu wa Kigoma ni ushahidi mzito dhidi yake.

Nenda mwaloni Kibirizi asubuhi, dagaa wanaposhushwa. Boti zimetoka Uvira na Baraka upande wa Kongo, nyingine Rumonge na Nyanza-Lac kule Burundi. Mama anayenunua dagaa wa kupandisha milimani anapatana bei kwa Kiswahili cha Kongo, anatania kwa Kirundi, anamkemea mwanawe kwa Kiha, na akikutana na Mbembe ana maneno ya kutosha kumaliza naye biashara. Hana cheti cha lugha hata moja kati ya hizo. Amezipata kwenye mizani, kwenye sombe iliyoungwa kwa mawese, kwenye ugali wa muhogo uliowekwa katikati ya watu ambao jana hawakujuana. Sasa mwambie mama huyo kwamba lugha haijifunzwi kwa chakula.

Historia ya Ujiji nayo inasema hivyo hivyo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika pale Februari 1858, Kiswahili kilikuwa kimewatangulia kwa njia ya misafara kutoka pwani. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu na dhuluma kubwa juu ya watumwa, na hilo halifichiki. Lakini ilibeba pia lugha. Sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilikuwa imeshachapishwa Ujerumani mwaka 1850, na kitabu cha Askofu Steere kingekuja 1870. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuhitaji kumngoja Krapf wala Steere. Wapagazi walilala kwa makambi madogo madogo, kila kambi na chungu chake, na aliyetaka kula alipaswa kuitika, kuomba chumvi, kugombea zamu ya kuteka maji na kujua jina la kila aliyekaa naye motoni. Lugha iliyofika ziwani kwa njia hiyo ndiyo leo ninayoiandika.

Upande wa pili wa mizani kuna Kiingereza chetu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne amekutana nacho kama somo katika shule ya msingi, kisha miaka minne mizima kama lugha ya kufundishia. Amefundishwa nyakati zote za kitenzi, ameandika barua ya kuomba kazi mara nyingi, amekariri maana za methali za Waingereza. Mkute barabarani mtalii anapomuuliza njia ya kwenda Gombe: wengi wa vijana hawa hubabaika, si kwa upungufu wa akili, maana ndio hao hao wanaopokea Kirundi katika msimu mmoja wa kuvuna kahawa. Kiingereza walikipokea bila mtu yeyote kuwahi kukidai kutoka kwao kwa jambo la maisha. Wanaotaka Kikorea nacho kipite njia hiyo hiyo wanataka tupate matokeo hayo hayo.

Neno hilo, kudai, ndilo ninalolisimamia katika makala haya. Lugha hushika pale inapodaiwa. Darasani mwanafunzi aweza kunyamaza muhula mzima na asidhurike. Mwalimu ana watoto wengi na kengele inakaribia. Penye chakula haiwezekani. Mwenyeji amekukaribisha na anangoja uitike. Mkubwa hajaanza kula na wewe mdogo unapaswa kujua la kusema. Bakuli limepungua, mtu anakuuliza kama uongezewe, na ukikosa jibu utabaki na njaa au utalishwa hadi uvimbiwe. Maneno yanayozaliwa hapo hayasahauliki, kwa sababu kila moja lilikuja na haja yake.

Mkoa wetu umewahi kuwaona Waasia wakijifunza lugha kwa njia hiyo. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza utafiti wa sokwe huko Kasoje, kwenye miteremko ya Mahale. Yeye na wenzake waliishi na Watongwe. Hapakuwa na kitabu cha Kitongwe cha kununua Tokyo wala Dar es Salaam. Walikipata kwa kutembea msituni na wenyeji, wakiuliza jina la kila mti, tunda gani linaliwa na mtu, lipi linaliwa na sokwe, lipi ni dawa. Majina ya mimea kwa Kitongwe yakawa sehemu ya sayansi yao, na katika miaka ya 1970 Nishida na Makoto Kakeya walichapisha msamiati wa lugha hiyo. Huyo Kakeya alikwenda mbali zaidi. Alichunguza nani anakula nini na kwa nani, akaona kwamba sehemu kubwa ya chakula kinachopikwa katika kijiji cha Watongwe huliwa na wageni. Mtu hawezi kuligundua jambo hilo akiwa nje ya mlango. Aliligundua kwa sababu naye alikuwa mgeni anayekula. Angalia mfuatano: chakula kwanza, maneno yakafuata, msamiati uliochapishwa ukaja mwisho. Wasomi wa chuo kikuu kikubwa cha Japani hawakuona aibu kupita mlango huo, na sisi tunamwonea aibu binti wa Kalinzi.

Nageukia Kikorea chenyewe, maana mtu aweza kusema hayo yote ni ya lugha za jirani zinazofanana, Kiha na Kirundi, na Kikorea ni bahari nyingine. Ni kweli iko mbali. Kitenzi huja mwisho wa sentensi, hakuna ngeli, na mwisho wa kitenzi hubadilika kulingana na unayezungumza naye. Hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho wanaojifunza kwa kitabu, kwa kuwa kitabu hulipanga kwenye majedwali ya ngazi za heshima ambayo mwanafunzi hukariri leo na kupoteza kesho.

Jedwali hilo lote limo kwenye mlo mmoja. Kabla ya kula Mkorea husema "jal meokgesseumnida", yaani nitakula vizuri, akimshukuru aliyepika. Akimaliza husema "jal meogeosseumnida", nimekula vizuri. Kitenzi ni kile kile, kula. Katikati yake kimebadilika kipande kimoja, cha kwanza kinatazama mbele na cha pili kinatazama nyuma, na mwisho wa maneno yote mawili umebaki ule ule wa adabu. Mtoto anayesema maneno hayo kila siku ameshika wakati ujao, wakati uliopita na umbo la heshima, naye hajui kama alikuwa anasoma sarufi. Halafu kuna babu. Kwa babu husemi "meok" kabisa. Kula kwake kuna kitenzi kingine, "japsusida", na hata wali wake una jina lingine, "jinji", ilhali wako wewe ni "bap" tu. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba hatashangaa kwamba lugha inabadilika mbele ya mkubwa. Mweke mtoto huyo penye chakula, mwonyeshe kwamba mkubwa ndiye anayeshika kijiko kwanza na kwamba kinywaji cha mkubwa humiminwa kwa mikono miwili, ataelewa mara moja kwa nini kitenzi nacho kinainama.

Zipo na namna za kuitana. Katika migahawa ya Korea mteja humwita mama anayepika "imo", ambalo ni jina la dada wa mama mzazi. Sisi tunaokula kwa mama lishe na kumwita mama, ama shangazi, ama dada, tunaijua hisia hiyo ndani ya mifupa yetu. Kitabu kinachoanza na "mimi ni mwanafunzi, lile ni dawati" hakiwezi kutupa ukaribu huo. Chakula kinautoa siku ya kwanza.

Hapa mpinzani wangu hodari huuliza swali ambalo ni la haki. Kibirizi kuna Warundi na Wakongo. Kasoje kulikuwa na Watongwe. Kalinzi kuna Mkorea gani wa kumkaribisha mtu? Nani atakayedai jibu?

Chungu kitadai. Na kwa hilo Kalinzi ina bahati kuliko mpinzani anavyodhani. Kimchi, chakula kisichokosekana penye mlo wa Kikorea, ni mboga iliyotiwa chumvi na viungo ikaachwa ichachuke. Wakorea hupenda zaidi kabichi ndefu ya Kichina, lakini wanayo pia kimchi ya kabichi ya mviringo, hii hii inayostawi kwenye baridi ya milima yetu. Chumvi inachimbwa Uvinza tangu enzi za mababu. Tangawizi inalimwa Buhigwe. Vitunguu saumu na pilipili viko kila soko. Na kile kinachowashinda wapishi wengi walio mbali na bahari, yaani ladha ya samaki, sisi tunacho kuliko wote: mpishi wa Korea huanza supu zake nyingi kwa kuchemsha dagaa wakavu wa baharini waitwao "myeolchi", na hukaanga wadogo wao wakawa kitoweo cha pembeni. Mtu wa Kigoma anayesikia hayo hahitaji kuelezwa. Anahitaji tu jina. Hata kuchachusha si kugeni kwa watu wanaotengeneza pombe ya ndizi.

Mapishi hayo ukiyafuata kwa Kikorea, yanakudai kila hatua. Anayefundisha kwenye video anasema kata, nyunyiza, acha saa kadhaa, suuza, kamua, changanya, kwa lile umbo la kuamuru kwa adabu. Ukidhani amesema usisuuze, kabichi yako itakuwa chumvi tupu na hakuna atakayeila. Ukikosea kipimo cha pilipili, wadogo zako watalia. Hakuna mtihani unaosahihisha haraka kama huo. Na yakiwa ni mapishi ya watu watatu au wanne, lugha inapata na watu wa kuidai. Wakubaliane kwamba hakuna anayepewa kisu, maji au chumvi bila kuomba kwa Kikorea, na mdogo asishike kijiko kabla hajamkaribisha mkubwa kwa maneno yanayostahili. Wakorea wenyewe hupika kimchi hivyo, kwa wingi, majirani na ndugu wakikusanyika kabla ya baridi kali na kila nyumba ikiondoka na fungu lake. Desturi hiyo, "kimjang", iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. UNESCO iliona urithi katika kukusanyika na kugawana, na ndiko lugha inakokaa.

Naomba nisieleweke vibaya. Wapo wanaouza jambo hili kwa bei rahisi, wanaokupa majina hamsini ya vyakula na kukuambia umejifunza lugha. Orodha ya majina ni orodha tu. Wala siwapigii debe wanaosema tamthilia inatosha. Tamthilia ya Jumong, iliyorushwa Korea mwaka 2006 na 2007, ilienea nchini kwetu hadi kwenye vibanda umiza, mara nyingi sauti ya msimuliaji wa Kiswahili ikiwa imefunika ya waigizaji. Watu waliijua hadithi, wakawapenda mashujaa, wakatoka bila neno la Kikorea. Na hata wanaoisikia lugha yenyewe, kioo hakiwaulizi kitu. Unaweza kukitazama mwaka mzima kikakuacha bubu. Ninachokitetea ni kitendo, mikono kazini na mtu anayesubiri uitike.

Wala siikatai sarufi. Herufi za Kikorea, Hangul, zilibuniwa chini ya Mfalme Sejong na kutangazwa mwaka 1446. Zinazotumika leo ni 24 za msingi, konsonanti 14 na irabu 10. Zimepangwa kwa akili kubwa, na kijana mwenye bidii anazishika kwa siku chache. Azishike. Aandike majina ya viungo kwenye mikebe ya jikoni, asome kilichoandikwa kwenye pakiti za tambi. Na atakapotaka kuandika barua, kusoma gazeti au kufanya mtihani wa TOPIK, atahitaji kitabu na mwalimu, tena mwalimu mkali. Ninachopinga ni mpangilio, kumfungia mtu nje ya maisha ya lugha mpaka amalize kukariri mifupa yake. Mtoto wa Kiha hakufundishwa ngeli kabla ya kuruhusiwa kuomba maji.

Upo mkono mwingine wa hoja ile ile, wa wale wasemao Kikorea hakina faida Kalinzi kwa vyovyote, kiwe cha jikoni au cha darasani. Hao nao wanapima vibaya. Anayekwenda Kigoma kwa barabara ya Tabora anavuka Mto Malagarasi juu ya Daraja la Kikwete, lililojengwa na kampuni ya Korea Kusini kwa mkopo wa Korea. Treni za umeme za mchongoko zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 zimetengenezwa na Hyundai Rotem. Hospitali ya Mloganzila ilijengwa kwa mkopo wa nchi hiyo hiyo. Uhusiano wa kibalozi ulianza mwaka 1992, na kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni jijini Seoul kilikuwa kinafundisha Kiswahili. Wao wanatusoma. Kwenye meza ya mazungumzo, anayemwelewa mwenzake bila mkalimani ndiye mwenye nguvu.

Lakini faida isitiwe chumvi. Vijana wanadanganywa kwamba Kikorea ni tiketi ya kazi ya kiwandani Korea. Mfumo wa vibali vya kazi ambao Korea iliuanza mwaka 2004 kwa ajili ya wafanyakazi wa kigeni umejengwa juu ya mikataba na nchi za Asia. Tanzania haimo, wala nchi nyingine yoyote ya Afrika. Mlango ulio wazi ni wa masomo. Ufadhili wa serikali ya Korea, unaojulikana kama GKS, huwapeleka wanafunzi wengi kwenye mwaka mzima wa lugha kabla ya shahada yenyewe. Anayeingia mwaka huo akiwa amekwisha kuizoea sauti, adabu na chakula cha wenyeji wake ana hatua nyingi mbele ya aliyekariri kitabu peke yake. Mwaka ule wa kwanza huwavunja moyo wageni wengi kwa upweke, na upweke huanza pale mtu anaposhindwa kula na wenzake.

Kuna na hofu ya mwisho, kwamba vijana watapotea katika mambo ya watu. Hofu hii ina nia njema, ila imesahau tuko wapi. Muhogo na mahindi tunavyoviita chakula chetu vilitoka Amerika. Chai na chapati vilipita bahari. Kahawa ya arabika inayolimwa Kalinzi, ambayo kupitia ushirika wa Kanyovu na msaada wa Taasisi ya Jane Goodall ilifika hadi kwa Green Mountain Coffee Roasters wa Marekani, nayo asili yake ni nyanda za Ethiopia. Waha wamebaki Waha. Mtu hupoteza cha kwake anapokidharau, na hakuna shule nzuri ya kumfundisha kijana kuthamini dagaa wa ziwa lake kuliko kugundua kwamba taifa tajiri la upande wa pili wa dunia huanza supu yake kwa samaki kama hao.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule za sekondari wa ukanda huu wa Kalinzi na Manyovu: mwanafunzi akija kuomba klabu ya Kikorea, msimrudishe kwa sababu hakuna mwalimu wala kitabu. Mpeni jiko la shule Jumamosi mchana, kabichi chache, chumvi ya Uvinza na simu moja yenye bando, na mwekeni dada au kaka mmoja wa kusimamia sheria kwamba hapo kinaombwa kwa Kikorea au hakipatikani. Nanyi wazazi, mkimkuta binti yenu anaongea na sufuria kwa lugha msiyoijua, mwacheni amalize, kisha mkaribishwe, na mumtake awaambie kila kitu kinaitwaje.